Korongo Aliyeteleza Juu ya Karatasi Zangu

Taarifa moja ya mwaka ya idara yetu inadai kwamba kifaranga wa korongo taji tuliyemlea katika ofisi ndogo ya mifugo huko Koboko, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alizaliwa kilema, kisha akapona mwenyewe. Si kweli. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa ofisi hiyo, na kwa kuwa nimestaafu na hakuna tena wa kunikemea, nitaisahihisha.

Kifaranga huyo alikamatwa mpakani Oraba, katika kapu la mchuuzi, akiwa na umri wa siku chache. Ndege wa bendera ya taifa, kafunikwa kwa majani ya muhogo! Watu wa forodha wakatuletea. Amri ikaja kutoka makao makuu, Arua, kwa redio ya polisi: alelewe hadi lipatikane gari la kumpeleka bustani ya wanyama, kusini. Nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa nilisifika kwa usafi.

Nilimtafutia sanduku la mbao. Kila asubuhi nilitandika ndani yake fomu za serikali iliyokwisha kuanguka: karatasi nzito, laini, zenye kung'aa. Kila jioni niliondoa zilizochafuka. Sanduku lile lilikuwa safi kuliko meza ya mkuu wangu. Siku ya tano miguu ya kifaranga ilianza kutanuka, mmoja mashariki, mwingine magharibi, naye akalala kifudifudi akilia kwa sauti nyembamba.

Daktari wa mifugo alifika kutoka Arua kwa pikipiki, akamgeuzageuza, akasema ni kilema cha kuzaliwa.

"Ndege asiyesimama hapokelewi popote, bwana karani. Nitarudi Ijumaa ijayo. Nikimkuta hivi, nitamdunga sindano asiendelee kuteseka."

Siku hizo mkimbizi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa akija kuomba kazi. Alisema alitibu mifugo ya serikali kwao kwa miaka mingi, ila vyeti vyake viliteketea vitani. Mara tatu nilimjibu kwamba bila cheti sina pa kumwandika. Kesho yake baada ya daktari kuondoka, alikuja mara ya nne, akachungulia sandukuni, akacheka.

"Mzee, nani naweka hii karatasi?"

"Mimi. Ina kasoro gani? Ni safi."

"Safi sana! Mutoto iko natembea juu ya sabuni. Wewe vaa soksi, kimbia juu ya simenti yako, tuone."

"Daktari amesema ni kilema."

"Daktari naona mguu. Hapana ona chini."

Nilikasirika, tena sana. Lakini nilipoweka kidole juu ya fomu na kukisukuma, kilikwenda chenyewe hadi ukingoni. Nikamwambia akae.

Alikata bendeji laini, akaiunganisha miguu ile kwa nafasi ya hatua fupi tu, isitanuke tena. Karatasi zikatoka, likaingia gunia la katani. Ugali wa muhogo niliokuwa nikimlisha kifaranga aliumwaga nje, akaagiza mchwa na panzi. Mimi nilipewa kazi ya kumsimamisha kifaranga kwa viganja, kila nilipomaliza barua. Siku ya pili alianguka kila nilipomwachia. Siku ya nne alisimama muda wa kugonga mihuri miwili. Siku ya sita bendeji ikafunguliwa, nami sikuthubutu kutazama hadi nilipoambiwa, "Mzee, angalia. Mutoto iko nakwenda."

Ijumaa daktari alishuka na sindano yake, akamkuta kifaranga uani akimfukuza panzi.

"Kumbe amepona mwenyewe. Andika hivyo."

"Hakupona mwenyewe, daktari. Ametibiwa na huyu bwana."

"Huyu hana cheti."

"Hata kifaranga hana, na anatembea."

Fomu ya kusafirishia wanyama ilikuwa na nafasi ya chanzo cha ugonjwa. Niliandika: karatasi za karani. Kwenye nafasi ya aliyetibu niliandika jina kamili la mkimbizi, na penye namba ya cheti: kazi yake imeonekana kwa macho. Daktari aliisoma mara mbili, akatia sahihi. Aliyeandika taarifa ya mwaka hakujisumbua kuisoma.

Wafugaji wa Ludara, ambao hawasomi taarifa za mwaka, walianza kuja kumuulizia yule mkimbizi. Kifaranga aliondoka kwa lori akiwa amesimama, juu ya gunia. Nililitandika mwenyewe. Nakala ya fomu ninayo.