Nusu ya Jiwe la Mama

Mwezi uliopita nilipita sokoni Kigoma, kwenye meza za wauza viungo, nikaona vipande vya shabu, jiwe la kusafishia maji, vimewekwa kati ya karafuu na magadi, vyeupe, vyenye kung'aa kwa mbali kama chupa iliyosuguliwa na mchanga. Sikuuliza bei. Niliokota kimoja nikakigusisha ulimi, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni kila mama alipogeuka. Ladha yake inaanza na utamu kidogo, kisha ukakasi, halafu inauvuta ulimi mpaka unahisi meno yote yamesogeleana. Muuzaji, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, alinitazama akacheka. "Mama, hiyo hailiwi." Nikacheka naye.

Mimi ni mtu wa kuhama. Nauza vitenge mji huu, baada ya muda niko mji mwingine, na kila ninapofika huwasimulia watu habari za Nchelenge, mji wa ziwani nilikokulia: harufu ya samaki wanaokaushwa juu ya vichanja, mitumbwi inayorudi kutoka Kilwa, kisiwa cha ziwa letu, asubuhi, mvua inayoonekana ikitembea juu ya ziwa kabla haijakufikia. Habari ya jiwe huwa siisemi. Ninyi ndio wa kwanza.

Mama alikuwa Mkongomani. Alivuka Ziwa Mweru akiwa amenibeba mgongoni, akapanga chumba Kashikishi, pale pale Nchelenge, karibu na soko la samaki. Nyumbani tulisema Kiswahili cha kwetu Katanga, sokoni Kibemba, na shuleni Kiingereza. Kila lugha ilikuwa na kazi yake, na mimi nilizibadilisha kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Biashara yake ilikuwa hiyo shabu. Yeye aliiita libwe ya mayi, jiwe la maji. Wafanyabiashara wa ng'ambo walimletea kwa boti, naye aliipasua kwa nyundo vipande vidogo na kuipanga juu ya kitambaa. Mvua zikianza, vijito huleta matope ziwani, na maji ya kuteka ufukweni huwa rangi ya chai ya maziwa. Unachukua kipande cha jiwe, unakizungusha ndani ya ndoo, unaiacha itulie. Matope yanajikusanya yanashuka chini, na juu yanabaki maji unayoweza kuona ndani yake hadi kwenye kitako cha ndoo. Nilipokuwa mdogo niliamini mama ni mchawi, wa aina nzuri.

Mteja wake mkubwa alikuwa Bana Mulenga, yaani mama yake Mulenga, mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi, aliyeuza chai na maandazi pale boti zinapofikia. Mwanawe Mulenga alisoma darasa moja nami. Tulikuwa gredi ya kumi, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Mwalimu wetu wa kemia, Bwana Chanda, alikuwa kijana mpole aliyeipenda kazi yake kuliko shule ilivyoweza kumsaidia. Siku moja alitia chembe za buluu ndani ya kikombe kidogo cha kauri, akakiweka juu ya mbabula, lile jiko la makaa, na mbele ya macho yetu buluu ikafifia ikawa unga mweupe. Akatonesha tone la maji, buluu ikarudi. Darasa zima lilipiga miluzi. Akasema chumvi nyingi zimebeba maji ndani yake, na kwa mizani na moto mtu anaweza kujua ni kiasi gani: unapima, unachoma, unaacha ipoe, unapima tena, na hivyo hivyo mpaka uzito uache kushuka. Kisha akatuonyesha chupa. Chembe za buluu zilikuwa zimekwisha. Akauliza kama kuna mwenye chumvi yoyote ya mawe nyumbani ili tujaribu wenyewe.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Mama alifurahi kuliko mimi. Alichambua mawe yake yote, akatoa lile lililopitisha mwanga, akalifunga kwenye kipande cha kitenge kipya. "Peleka hii. Balimu baone mama yako hauzishake mabwe ya njia. Na ukirudia, uniambie balisema nini."

Tulilitwanga jiwe, tukalipima, tukaliweka motoni. Halikugeuka rangi. Liliyeyuka ndani ya maji yake lenyewe, likaanza kuchemka kama uji, likapanda, likavimba juu ya ukingo wa kikombe kama mkate, kisha likakauka likabaki povu jeupe lililo jepesi. Mimi ndiye niliyeshika mizani, na nakumbuka nilivyojivuna. Tulipima, tukachoma tena, tukapima, mpaka uzito ukasimama. Bwana Chanda akapiga hesabu ubaoni. Karibu nusu ya jiwe la mama yangu ilikuwa maji.

Hapo akaeleza jambo ambalo nililinakili vizuri. Alisema kwa Kiingereza kwamba haya si maji ya kulowana, wala hakuna aliyeyatia. Jiwe limejengwa nayo, na ukiyatoa, jiwe lenyewe halipo tena. Lakini darasa lilikuwa limeshasikia lile neno nusu. Nyuma yangu Mulenga aliinamia dawati na kunong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Banoko balashitisha amenshi." Mama yako anauza maji. Kabla ya kengele ya kutoka, jina langu lilikuwa Amenshi.

Mama nilimwambia tu kwamba jiwe limependwa. Nilidhani maneno yataishia shuleni.

Kesho yake, nikiwa bado na sare, nilipita sokoni kumsaidia kufunga. Bana Mulenga alikuwa amesimama mbele ya kitambaa chake, mikono kiunoni, na akina mama wengine wamemzunguka. Kwa ajili ya mama alisema Kiswahili cha biashara.

"Bana Feza, leo unauzisha mayi bei gani? Ile ya kukauka."

Wakacheka. Mama naye alicheka, kwa kuwa hakuelewa.

"Ziwa muzima iko pale," Bana Mulenga akaendelea, akionyesha kwa kidevu. "Juu ya nini tununue mayi ya kutia mu mayi?"

"Nani alikudanganya?"

"Mulenga alitoka nayo ku shule. Balipika libwe yako, nusu ikaenda moshi."

Mama akaniona. Uso wake ukafunguka, kama mtu aliyeletewa shahidi. "Feza, wewe ulikuwa pale. Ambia bamama."

Wasomaji wangu, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, kwa Kiingereza, na ningeweza kulikariri bila kukosea. Lakini hapakuwa na mtu wa kuambiwa Kiingereza. Nilitafuta lile jambo kwa Kiswahili cha nyumbani nikakuta sina pa kulishika, nikalitafuta kwa Kibemba, nako hivyo hivyo. Nilisimama nikiutazama ule mduara wa miguu yenye matope. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kile kipande pekee nilichoweza kukitafsiri.

"Ni kweli, Mama. Nusu ni mayi."

Hakuna aliyecheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama mmoja alisema taratibu, "Hata mutoto anasema." Mama yangu alikunja kitambaa pembe kwa pembe, mawe yakigongana ndani, akajitwisha. Njia nzima nilitembea nyuma yake.

Nyumbani hakunigombeza. Alikoka mbabula, akakaa juu ya kigoda, akaniuliza, "Ku shule mulifanya namna gani?" Nami, kwa hamu ya kurekebisha mambo, nikamfundisha. Twanga. Weka motoni. Acha ipoe. Pima. Mizani hatukuwa nayo, kwa hiyo alipima kwa kiganja, akifumba macho. Aliyachoma mawe yake yote kwenye chungu, siku baada ya siku, mpaka chumba kikanuka makali ya kukwaruza pua, na mwishowe akawa na mfuko wa povu jeupe, mwepesi kama pamba. Akarudi nao sokoni.

"Libwe bila mayi," aliwaambia. Wakanunua, kidogo kwa udadisi, kidogo kwa kumwonea haya.

Kumbe unga ule hauyeyuki upesi. Unaelea, unazunguka, unabaki pale pale juu ya matope. Bana Mulenga alikuja na kikombe cha chai mkononi. "Bana Feza, dawa yako inaogelea tu. Batu banasema ninapika udongo."

"Mulitaka bila mayi," mama alimjibu. "Iko bila mayi."

Siku chache baadaye Bana Mulenga alikuja nyumbani, peke yake, bila ile sauti yake ya ufukweni. Mimi nilikuwa nyuma ya ua nikiparua magamba ya samaki, nikamsikia akisema, "Dada, sisi tulikuwa tunachekesha. Uzisha tena ile ya zamani. Mimi nitanunua wa kwanza."

Mama akamjibu. "Mutoto yangu alisema mbele ya batu nusu ni mayi. Nikiuzisha tena ile, batasema nini juu yake? Mutoto yangu hasemake uongo."

Nilidhani ni ukaidi. Nilidhani hata ananiadhibu, kwamba anaiacha biashara ife mikononi mwangu ili niione. Nilimkasirikia, nikaona aibu kwa kumkasirikia, na aibu ile ikakaa nami kwenye dawati, njiani, kwenye foleni ya maji. Hakuuza jiwe tena. Alianza kuvuka kwenda Kilwa na mihogo, akirudi ameloa hadi kiunoni. Mimi nilimaliza shule nikaondoka, na tangu hapo sijui kukaa.

Pale Kigoma nilinunua kile kipande. Jioni nilikizungusha ndani ya ndoo ya nyumba ya wageni, nikakaa kitandani kutazama matope yakishuka. Sasa naweza kulisema lile jambo, kwa Kiswahili chake: Mama, ile mayi hakuna mutu aliitia, ni yenyewe inashikilia libwe. Ni maneno ya pumzi moja. Nilipoyapata, yeye alikuwa ameshazikwa ng'ambo, kwao.

Kwa miaka mingi niliona aibu kwamba nilikosa maneno hayo siku ile. Nilipoketi mbele ya ile ndoo ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa ameyangoja. Alisikia lile neno moja nililoliweza, mbele ya soko zima, akaenda nyumbani akachoma kila jiwe alilokuwa nalo ili neno langu libaki kweli.