Klachi ya Vitale na Majina ya Mtaa wa Juu

Vitale Santarsiero alipandwa na hasira Jumamosi asubuhi, na mpaka Jumapili ya wiki iliyofuata ilikuwa haijamshuka. Nasema mapema msije mkamhurumia bure. Wazee wa kamati ya sikukuu walimwita kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, wakamkalisha kwenye kiti kibovu, kisha Gerardo Lovallo, mwenyekiti wao, akakohoa na kumpa habari kwamba mwaka huu sanamu ya Mtakatifu Vito haitabebwa na kigari chake.

"Kwa nini?"

"Kelele, Bwana Vitale. Klachi yako inalia mpaka watu hawasikii sala. Mimi pale hotelini nina kigari cha umeme, kinakwenda kimya kabisa."

"Kile cha masanduku ya wageni?"

"Ndicho. Tutakiosha."

"Tutakiosha!" Vitale alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mtakatifu wa babu zetu unampandisha kwenye mkokoteni wa mizigo, halafu unaniambia utakiosha? Huna haya wewe!"

Padri Egidio, ambaye alikuwa na miaka miwili tu pale kijijini Castelgrieco na bado aliogopa kila mtu, akainua mikono. "Apewe mpaka Ijumaa. Kikinyamaza, atambeba yeye. Kisiponyamaza, basi."

Mtu atauliza, makelele yote hayo kwa ajili ya kigari? Ndiyo. Vitale alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kigari chake, Ape ya mwaka sitini na sita, magurudumu matatu na usukani kama wa pikipiki, kilikuwa kimebeba zeituni za nusu ya kijiji kupeleka kinuni. Miaka kumi na minne nyuma, vijana wa kubeba sanamu mabegani walipokuwa wamekwisha kuhamia Torino na Ujerumani na kubaki wazee wenye magoti mabovu, ni yeye na mkewe Carmela waliojitolea. Carmela alikisugua kigari kwa sabuni, akatandika kitambaa chake cha harusi. Watoto hawakujaliwa. Tangu hapo Vitale alijulikana kwa jambo hilo moja. Ukimnyang'anya, anabaki mjane anayekula tambi na dengu amesimama kando ya jiko.

Sasa sikilizeni lililotokea mwaka wa pili. Maandamano husimama katika mitaa tisa, na kila mtaa mtu wao husoma majina ya marehemu wa hapo. Kila jina likitajwa, watu huitikia, "Tuko naye!" Wa mwisho ni Mtaa wa Juu, mtaa wa Vitale mwenyewe na wa Gerardo pia, nao uko kwenye mteremko mkali. Aliposimama pale alitoa gia apumzishe mkono, breki ikateleza, kigari kikarudi nyuma shubiri moja. Na pale Castelgrieco, mtakatifu harudi nyuma; akirudi, ni balaa. Hata wabebaji wa zamani walisimama na mzigo mpaka miguu ikatetemeka, lakini kisigino hakirudi. Watu waliona, wakapiga ishara ya msalaba. Februari iliyofuata Carmela akafa kwa mapafu.

Hakuna aliyemwambia kitu usoni isipokuwa Gerardo, tena kwenye karata, kwa sauti ya huruma ya uongo: "Shubiri moja tu, na ona." Vitale aliipindua meza, vikombe na vyote. Lakini neno lilikwisha kumwingia. Tangu siku hiyo, mtakatifu akiwa juu ya kigari, hakutoa gia tena. Alisimama mtaa baada ya mtaa, gia imeingia, mkono wa klachi ameubana, vidole vikifa ganzi.

Mwaka huohuo klachi ikaanza kulia.

Jumatatu alikisukuma kigari mpaka gereji ya Mimma Carlucci, aliyerithi spana za baba yake na ulimi wa mama yake.

"Kipande ulichonifungia mwaka juzi kibovu," Vitale alianza hata kabla ya salamu. "Umenitia aibu mbele ya Gerardo."

"Na wewe umeamkaje, mjomba? Mimi sijambo, asante."

Mimma akamwaga oili, akafungua kifuniko, akaingiza vidole. Alichotoa kilikuwa kipande kidogo cha shaba chenye umbo la uyoga. Kichwa chake kilikuwa kimelika, kimeungua, cheusi.

"Hiki ni cha nne," alisema. "Nimebadilisha oili, nimebadilisha pleti, nimefikiri labda sina akili. Hebu niambie. Ukivuta klachi, kidude hiki kinasukumwa kwenye sahani inayozunguka. Kimetengenezwa kiguse kiachie, kiguse kiachie. Ukisimama kwenye maandamano, unafanyaje?"

"Nasimama."

"Mkono unafanya nini?"

"Umeshika klachi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka majina yaishe."

"Mitaa yote tisa?" Mimma akaitupa spana kwenye ndoo. "Mama yangu we! Kikulacho ki nguoni mwako, mjomba! Miaka yote unanitukana mimi, kumbe klachi unaiua kwa mkono wako mwenyewe! Shaba inasagana na chuma saa mbili nzima, isilie, iimbe?"

"Mtakatifu harudi nyuma!"

"Nani kasema arudi? Breki ni za nini?"

"Breki ziliniulia mke wangu!"

Mimma hakuwa amewahi kumsikia akilisema hilo. Akachukua kitambaa, akafuta mikono taratibu, kisha akasema bila kumtazama, "Shangazi Carmela alikufa kwa mapafu. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, na njia nzima alikuwa anakohoa damu. Usiniletee habari za breki."

Alifanya kazi siku mbili. Alifunga shaba mpya, akapaka grisi, akaisugua ile sahani mpaka ikang'aa, akaulegeza waya kidogo ili klachi isiguse bila kuvutwa. Breki akazifunga mpya zote tatu. "Ukisimama, toa gia, kanyaga breki, mkono uachie. Kikirudi hata unywele, njoo unichape. Ukishindwa kuachia, kitalia kabla hujafika mtaa wa nne, na Gerardo atamshusha mtakatifu mbele ya watu wote."

Alhamisi Vitale alipakia magunia ya mchanga, akapanda mteremko, akasimama. Mkono ukakataa. Alijitukana, akautukana mkono, akamtukana Gerardo, akajaribu tena. Mara ya sita vidole viliachia. Kigari kikatulia palepale, injini ikinguruma chini chini. Ijumaa Padri Egidio akasikiliza, akasema kwa furaha, "Kimya!" Gerardo alikuwepo. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Basi Jumapili ikafika na jua lake la Juni. Mtakatifu juu ya kitambaa cha harusi, bendi mbele, akina mama nyuma. Mtaa wa kwanza Vitale alitoka jasho mpaka kwenye nyusi. Mtaa wa pili akatulia. Mtaa wa tatu akatambua kwamba anasikia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisikia jina la muuza jibini, la mwalimu wake wa darasa la kwanza, la binamu aliyefia mgodini, na watu wakiitikia, "Tuko naye!" Akawa anaitikia na yeye. Alifurahi, jamani. Na kila mtaa ulipopita aliusubiri zaidi wake, kwa sababu miaka kumi na miwili alikuwa akiutazama mdomo wa Gerardo ukisoma majina ya Mtaa wa Juu, bila kusikia kitu, akijua tu kwamba mahali fulani humo yumo Carmela.

Walipofika, akatoa gia, akakanyaga breki. Gerardo akafungua karatasi yake. Akasoma mshonaji, akasoma mapacha wa kwa Telesca, akasoma baba yake mwenyewe. Akasoma Antonietta wa fundi viatu. Kisha akaikunja karatasi.

"Bado mmoja," alisema Vitale.

"Wamekwisha."

"Carmela."

Gerardo alisogea, akashusha sauti. "Yule hatajwi. Unajua sababu. Aliyeondoka kwa sababu mtakatifu alirudi nyuma, ukimtaja unaliita balaa tena. Hatujawahi kumtaja."

"Miaka yote?"

"Ulikuwa husikii kwa kelele zako. Tukaona afadhali iwe hivyo."

Vitale akageuka kuwatazama majirani zake. Walikuwa wanatazama viatu vyao. Wote walijua. Walikula kwenye meza yake, walimpa pole kila Februari, na walijua. Hasira aliyokuwa nayo juma zima ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hii.

Akainua mguu kutoka kwenye breki.

Kigari kikaanza kurudi. Shubiri moja, mbili, tano. Wanawake wakapiga ukelele, mpiga tarumbeta akaruka pembeni, Padri Egidio akaukumbatia ukuta. Mtakatifu Vito alirudi nyuma hatua nzima ya mtu mzima, mbele ya macho ya Castelgrieco yote, na hapo Vitale akakanyaga.

"Haya!" alipaza sauti, machozi yanamtoka na hakuyafuta. "Nimemrudisha kwa makusudi! Kama shubiri moja inaua mtu, basi hatua hii imewamaliza nyote. Nendeni mkaage! Gerardo, kimbia, kamuage mama yako! Au mke wangu alikufa kwa mapafu? Semeni! Mimi siondoki hapa, na mtakatifu haondoki."

Injini ilinguruma, bendera zikapigapiga kwenye kamba. Halafu kutoka roshani ya juu, mama yake Gerardo, bibi wa miaka tisini na mbili aliyekuwa amebebwa pamoja na kiti chake kuja kutazama, akaita kwa sauti kavu:

"Carmela Santarsiero!"

"Tuko naye!" Mimma aliitikia peke yake. Kisha wawili, kisha mtaa mzima, wengine wakilia kwa aibu.

Vitale alikuwa hajamkunjulia uso yeyote kati yao. Alimtazama mwenyekiti. "Wewe."

"Carmela Santarsiero," alisema Gerardo.

"Sikusikia."

Gerardo akavua kofia, akapaza sauti mpaka mshipa wa shingo ukasimama. "Carmela Santarsiero!"

"Tuko naye," alisema Vitale. Akavuta klachi, akatia gia ya kwanza, akaachia mkono, na kigari kikapanda na mtakatifu wake kuelekea kanisani.