Mbegu ya Mtindi wa Anitha

Wanawake wa Nzuguni walimcheka Raheli tangu mwanzo. Mtindi huliwa na ugali, walisema, au hunywewa kikombeni. Nani aliwahi kuona mtu anautia tango na kitunguu saumu kama anatengeneza kachumbari? Chakula hicho Raheli alifundishwa na Anitha, binti yake wa pekee, aliyekitoa kwenye jiko la hoteli moja mjini alikokuwa akifanya kazi, ambako wapishi walikiita cha Kigiriki. Anitha alifariki mwaka jana, kwa homa iliyomchukua kabla mama yake hajaamini kwamba ni ugonjwa wa kutisha.

Kilichobaki ni mbegu. Kila anayegandisha maziwa anaijua: unayachemsha, unayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, kisha unatia kijiko cha mtindi wa zamani, na ukishaganda unachota kijiko kingine cha kuweka akiba kabla hujala. Kwa hiyo mtindi wa leo ni mtoto wa ule wa jana, na wa Raheli ulirudi nyuma moja kwa moja mpaka kwenye mkono wa Anitha. Ndiyo maana hakumpa mtu. Jirani akiomba mbegu, huambiwa imeharibika. Alikuwa mchoyo, na alijijua.

Lakini alikuwa na sababu. Kila alipoutundika mtindi kwenye nondo za dirisha, ndani ya kitambaa cheupe, maji yake yakidondoka kwenye beseni, mtu alikuja kusimama nyuma yake. Raheli hakugeuka hata mara moja, kwa kuogopa kumfukuza. Alikuna tango, akalitia chumvi, akalikamua kwa viganja, huku akimpa habari za mtaa: upepo ulivyoezua bati la kanisa, nani kachumbiwa, mvua zilivyogoma. Kisha kitunguu saumu, ndimu, na mafuta kidogo ya alizeti. Alipakua sahani mbili, na ile ya pili aliimaliza mwenyewe kwa uchungu.

Jumamosi moja kina mama wa kwaya walimvamia bila taarifa. Hana, mkubwa wao, alianza kumwigiza mchungaji anavyopiga chafya katikati ya mahubiri, na Raheli akacheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa amecheka tangu msiba. Kwa furaha hiyo aliwachanganyia mtindi wote, na walewale waliokuwa wakimcheka walifuta bakuli kwa chapati. Walipoondoka ndipo alipokumbuka kwamba hakuweka akiba. Alikwangua bakuli, akanusa kitambaa, akakung'uta kila chombo. Chumvi na kitunguu tupu. Alikuwa amemsahau mwanawe kwa saa moja, basi, na ndivyo alivyompoteza mara ya pili.

Hana alimletea mtindi wa dukani wa kuanzia upya. Raheli aliugandisha, akautundika, maji yakadondoka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Safari hii aligeuka, akaona mlango wazi na kuku wakiparua uani.

Ilibaki nyumba moja tu inayoweza kuwa na mbegu ile: kwa mkwewe Meshack, kule Zuzu, alikoishi Anitha. Meshack alikuwa ameoa tena hata kabla mwaka haujaisha, na Raheli aliapa kutokanyaga pale. Sasa alijifunga khanga, akachukua kibakuli, akaenda.

Alimkuta Lydia, mke mpya, yuko peke yake, tumbo limeshakuwa kubwa.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kuomba mbegu ya mtindi, kama ya mwenzako hukuimwaga."

Lydia aliimeza ile kauli bila kununa. Alifungua friji, akatoa kopo. "Niliikuta humu, nikashindwa kuimwaga. Nimekuwa nikiiendeleza. Lakini chukua yote, mama. Mimi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nikishatundika tu, kuna mtu anakuja. Hanifanyi kitu. Anasimama hapo mlangoni, anachungulia barabarani. Nadhani anadai nyumba yake."

Raheli aliketi. Kwanza ulimpanda wivu, maana alidhani mwanawe anamjia yeye peke yake. Halafu akautazama ule mlango na barabara ya vumbi iliyoonekana kutoka pale, barabara aliyokataa kuipita. Mtu anayedai nyumba angetazama ndani.

"Hadai kitu, mwanangu," alisema. "Anaangalia kama mimi naja."

Lydia alianza kulia. Raheli aliliweka kopo mezani, akamshika mkono, kisha akageukia mlango.

"Anitha," alisema, "nimefika. Nisamehe, mama yako nimechelewa."