Jina la Baba Mkwe

Siku ya kwanza nilipoingia ofisi ya mahojiano ya wageni, Tanga mjini, nilikuwa mwalimu wa Kifaransa niliyechoka na chaki. Mkuu wa Mahojiano hakunikaribisha hata kiti. Alisema, "Mama, hapa wewe ni mdomo tu. Usiongeze, usipunguze." Nikaishika amri hiyo kama mjinga.

Kazi ilikuwa ukalimani wa kupokezana: mgeni anasema, ananyamaza, nawe unatafsiri. Maswali mengi yalihusu ndugu, maana mwenye jamaa wa kumpokea aliweza kuruhusiwa kukaa. Kwa hiyo, vijana mnaoanza ukalimani, kabla ya kujidai na salamu za Kifaransa, jueni kwamba beau-père ni baba mkwe, belle-mère ni mama mkwe, na belle-fille ni mke wa mwana. Kanuni zetu zilimruhusu mkalimani kuinua mkono na kueleza desturi isiyofahamika. Mkuu hakulipenda jambo hilo, nami mkono sikuuinua kamwe.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha mpakani, upande wa Moa. Afisa Mfawidhi, kijana wa bara, alimhoji binti wa Kikongo, mjane mwenye mtoto mgongoni, aliyesema baba mkwe wake ana duka la vitenge Ngamiani, Tanga mjini. Akaulizwa jina la mkwe huyo. Akainamisha kichwa: "Le père de mon mari." Baba wa mume wangu, nikatafsiri. Akaulizwa tena. "Le grand-père de l'enfant." Babu wa mtoto. Mara ya tatu akalia tu.

Nilijua. Katika nyumba niliyoolewa, mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Hata nilipompeleka mkwe wangu hospitali, mwanangu ndiye aliyelitaja jina lake kwenye dirisha la kuandikishia. Yule binti angepewa kalamu, angeliandika. Nilikaa kimya. Afisa akaandika kwamba hamjui mkwe wake, na kabla ya magharibi binti akavushwa mpaka, yeye pamoja na mwanawe.

Siku ya tatu akaja mzee na picha ya harusi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yaliyotokea.

"Hawezi kunitaja, ni heshima," akasema. "Hapakuwa na mtu wa kumweleza afisa?"

"Hapakuwa, mzee wangu."

Sasa nimestaafu. Kila mwezi mzee huja nyumbani nimwandikie barua za Kifaransa za kuwaulizia mkwewe na mjukuu. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Nikimaliza kuandika, hunishika mikono yote miwili, akanishukuru, na kusema Mungu amempa mtu mwema.