Nyumba Isiyo na Moshi

Nyumbani kwa Bun-hiong, pale Tainan, moshi ulipigwa marufuku tangu siku alipoanza kufuga uduvi wekundu wa mapambo kwenye matangi ya vioo sebuleni. Hata udi wa kuwakumbuka wazee wake aliuchomea kibarazani. Mkewe, Siu-khim, alipoomba walau dawa ya mbu ya kuchoma, alifokewa.

"Wewe mwanamke, unataka kuniulia watoto? Moshi kidogo tu, wote chali!"

"Na mimi ninavyotafunwa na mbu?"

"Jikune."

Siu-khim akajikuna. Mvua zilipoanza, homa ya dengi ikamlaza hospitalini, akafia huko huko. Uduvi nao walikuwa wakizaana kama hawana akili nzuri.

Waliporudi kutoka mazikoni, binti yao Phek-ju aliiweka picha ya mama yake sebuleni, akawasha udi mbele yake. Bun-hiong alikuwa analia. Aliponusa tu ule udi, machozi yakakatika.

"Moshi, Phek-ju! Mpeleke mama yako kibarazani!"

Binti akageuka, akamtazama.

"Kibarazani kuna mbu, baba."