Rangi ya Geti Kwenye Treni ya Baba

Mende wa Dar es Salaam hupenda joto la umeme. Ukifungua redio utamkuta, ukifungua feni utamkuta, na ukifungua kichwa cha treni ndogo ya kuchezea, iliyotengenezwa Ulaya kabla hujazaliwa, utamkuta humo na mkewe na mayai yao, na choo chao kimetapakaa kila mahali kama majani ya chai. Nimefungua vichwa vya treni vya namna hiyo kwa miaka mingi. Mpaka leo, skrubu ya mwisho ikitoka, nageuza uso pembeni kwanza ndipo ninyanyue bodi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kazi inayonilisha ni kutengeneza cherehani, katika banda langu Manzese, nyuma kidogo ya barabara ya Morogoro. Treni ni ugonjwa tu. Zinaingia nchini ndani ya marobota ya mitumba, zimechanganyika na midoli isiyo na macho na mipira iliyopasuka, na wauza mitumba wananijua. "Fundi, kuna mgonjwa wako huku," wananiita, nami nakwenda mbio, kisha nikishamshika huyo mgonjwa natamani kunawa.

Maana hali zinazokuja nazo! Kwenye ekseli za magurudumu unakuta nywele za watu usiowajua, zimejisokota pamoja na manyoya ya mbwa wao. Grisi ya zamani imeganda, ina rangi ya nta ya masikio na inanuka vibaya kuliko hiyo nta. Lakini hayo ni kazi ya wakati, simlaumu mtu. Kinachonitapisha ni kazi ya mafundi waliopita humo kabla yangu. Mji huu una mafundi wa kulipua wengi kuliko nzi, na dini yao ni moja, bora liende. Kuna kichwa nilikikuta kimeungwa kwa gundi na majivu, ubavu umevimba kama una jipu. Kingine kilitiwa mafuta ya kupikia kwenye mota. Nilipokiwashia umeme, banda zima likanuka maandazi ya juzi. Nilimtafuta aliyefanya vile nimwambie ninavyomwona, bahati yake sikumpata.

Hata hivyo siachi. Kichwa kikishasafishwa, kaboni mpya, vile vijiti vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, zikakaa sawa, shaba ikang'aa, tone moja la mafuta ya cherehani likaingia kila panapozunguka, nakiweka kwenye reli nilizopigilia juu ya plaiwudi na kufungua umeme taratibu. Kwanza kinasita. Kisha kinatikisika kidogo na kuondoka. Wateja wamesimama na cherehani zao, mimi nimeinama shavu karibu na ubao, natazama magurudumu yanavyopokezana. Raha ile sina la kuilinganisha nalo. Wateja wananiona kichaa, na sina nguvu ya kubishana nao.

Ugonjwa huu niliupata kwa baba. Alikuwa dereva wa treni, treni za kweli, tukikaa Tabora kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Mzungu mmoja, mhandisi, mkataba wake ulipokwisha alimwachia baba kichwa cha treni kidogo cha kijani chenye mistari myeusi, pamoja na reli za duara na boksi la umeme lenye kitufe cha kuzungusha. Jumapili baada ya misa baba aliondoa viti sebuleni akazitandaza reli sakafuni. Mama aliketi mlangoni na ungo wake, anachambua mchele huku anasikiliza. Baba ndiye aliyenifundisha kupangusa magurudumu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kikitoka cheusi, unarudia. Aliweza kunirudisha hata mara sita, na sikuona shida.

Alipozeeka, yeye na mama walihamia Mbweni, kwenye nyumba mpya ya dada yangu mkubwa na mumewe. Shemeji yangu ni mtu mwema ambaye anapenda dhahabu kupita kiasi. Viti vyake vina kingo za dhahabu, mapazia yana nyuzi za dhahabu, geti jeusi lina mishale ya dhahabu juu, utadhani kuna sultani anayelala ndani. Mimi kichefuchefu kilikuwa kinanianzia pale getini. Kutoka Manzese hadi Mbweni si safari ya kumshinda mtu, lakini nilikuwa napata sababu: leo mteja, kesho mvua, keshokutwa foleni. Mwaka ukaisha, na wa pili ukafika katikati. Nilimpigia baba simu kila Jumapili na kujiona mtoto mwema.

Kisha baba akafariki, ghafla, asubuhi moja kabla ya chai. Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula na kuanza kuaga, mama aliniita chumbani kwake akanipa kifurushi kilichofungwa kwa khanga. Kilikuwa kizito, na nilijua ni nini kabla sijauliza.

"Haitembei," alisema. "Imegoma tangu wiki ile ya msiba. Irudishe inatembea, mwanangu."

"Itatembea, mama."

"Wenzangu hawa wakienda kazini nabaki peke yangu mpaka jioni. Tulikuwa tunaiwasha mchana, mimi na baba yako. Sasa nyumba imenyamaza, siwezi kukaa humu."

Hilo ndilo aliloniomba, hakuongeza neno. Nilimwahidi kwamba haitapita wiki ya pili.

Nilifungua ile khanga bandani kesho yake asubuhi, nikaachia tusi ambalo fundi viatu wa jirani alilisikia akaja kuchungulia. Kichwa cha treni cha baba kilikuwa cha dhahabu. Chote, kuanzia bomba la moshi hadi ngazi za dereva. Haikuwa hata rangi ya maana, ilikuwa ile ya mishale ya geti, imebandikwa nzito kama uji, imechuruzika ubavuni na kukauka kwa chini matone matone. Nywele za brashi zilikuwa zimenasa humo. Madirisha mawili yalizibwa kabisa. Juu ya paa, mtu alikuwa amekishika rangi ikiwa mbichi, akaacha alama ya kidole gumba, mistari yake yote inasomeka. Na kwenye boksi la umeme, pembeni mwa kile kitufe na juu yake, aliyeharibu alikuwa amedondosha gundi ikakauka kama kamasi.

Sikuona haja ya kumuuliza mtu. Nilimwona shemeji waziwazi, amesimama uani mbele ya fundi wa geti, anamwambia amalizie kopo kwenye ka-treni ka mzee ili kafanane na viti. Nilimwona baba amekaa kimya kwa sababu ni mgeni kwa mkwewe, hawezi kukataa. Hasira zikanipanda. Nilimhesabia shemeji makosa yake yote tangu siku ya posa, kwa sauti, na fundi viatu akawa anaitikia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Mende alikuwa ametaga karibu na kaboni, na kaboni ikashindwa kugusa shaba. Nilitoa ule uchafu kwa kibano huku nimebana pumzi, nikabadilisha kaboni, nikatia mafuta. Kabla ya mchana kilikuwa kinatembea. Ningekifunga tena kwenye khanga na kumpelekea mama jioni ileile, na kazi aliyonituma ingekuwa imekwisha.

Lakini ningewezaje kukiachia kitoke mikononi mwangu vile? Nilifungua vyote, nikaizamisha bodi kwenye bakuli la mafuta ya breki. Kesho yake rangi ilikuwa imevimba na kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochacha. Niliisugua kwa mswaki wa zamani. Ilitoka vipande vipande, inateleza, inanata kwenye vidole, na kijani cha zamani kikatoka pamoja nayo mpaka chuma kikabaki uchi. Zile gundi za kwenye kitufe nilizibandua kwa wembe. Uchafu wote niliufunga kwenye gazeti nikautupa jalalani, kisha nikanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya unga.

Halafu nikapaka. Tabaka nne nyembamba za kijani, kila moja ikisubiri mwenzake akauke. Mistari myeusi niliichora kwa brashi ya nywele chache, nimezuia pumzi, na sikukosea hata mmoja. Kazi ya cherehani ilisimama. Watu wakanung'unika, nikawaambia waende kwa wale wa kulipua, wamejaa tele.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mbweni na boksi langu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniombea baraka. Shemeji alikuwa ametoka, nikashukuru. Nilitandaza reli juu ya vigae, nikaunga nyaya, nikakitoa kichwa kwenye kitambaa na kukiweka. Nikafungua umeme. Kikaondoka kwa mlio uleule, mwembamba, wa kunong'ona, na mama akainua uso haraka. Alikitazama kikizunguka mara mbili. Uso wake haukuwa ule nilioutarajia.

"Hii nini?" aliuliza.

"Si ndiyo treni ya baba, mama? Sikiliza inavyolia."

Dada alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. Akasimama. "Umeitoa rangi?"

"Nimetoa uchafu wenu," nilimjibu. "Mwambie shemeji, geti ni geti na treni ni treni."

Dada aliweka sinia mezani taratibu. "Shemeji yako hajawahi hata kuigusa. Aliyeipaka ni baba."

Nilicheka kidogo, nadhani, kwa sababu lilikuwa jambo lisilowezekana. Baba, yule wa kitambaa kitoke cheupe? Ndipo dada akaniambia. Macho ya baba yalikuwa yameliwa na presha ya macho, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Alifika mahali kile kijani hakioni tena sakafuni, anasikia mlio tu, anageuza kichwa huku na huku. Siku fundi wa geti alipomaliza kazi, kopo likabaki na rangi, baba akaliomba. Alikaa barazani siku nzima anapaka kwa kupapasa, hataki kusaidiwa. Baada ya hapo walikuwa wanatandaza reli pale mlangoni jua linapoingia, na yeye anaona kitu kinachong'aa kinapita, kinapotea, kinarudi. Gundi aliitia mwenyewe kwenye kitufe ili kidole kijue umeme unaanzia wapi na unaishia wapi.

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

Nilimuuliza! Kila Jumapili nilimuuliza. Habari za afya, baba? Njema. Na macho? Njema, mwanangu. Na hapo nilikuwa nashukuru, naaga, nakata simu, maana chuma cha kulehemu kilikuwa kinapata moto. Kwetu hata aliyefiwa ukimuuliza habari atasema njema kwanza. Ni adabu. Halafu anavuta pumzi, anasema "ila", na baada ya ila ndipo habari yenyewe inatoka. Mtoto mdogo anajua kuisubiri ila. Mimi ni mtu mzima mwenye mvi, na kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nachukua njema ya baba yangu na kukimbia nayo.

"Alitukataza tusikwambie," dada aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Alisema ukija tuifiche kabatini. Akasema, 'Yule akiiona kazi hii ataniona mzembe.' Alikuwa anakuogopa, we."

Nyani haoni kundule. Mjini humu nimewatukana mafundi wote wanaoharibu vitu vya watu kwa kujiona wanajua, na mmoja sikumtukana.

Nilimgeukia mama. Alikuwa bado anafuata treni kwa macho, akigeuza shingo polepole.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua."

"Lakini inatembea. Umeisikia."

"Nimeisikia." Akakunja ncha ya khanga yake akaikunjua. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Nilikupa treni ya mume wangu, mwanangu. Umenirudishia ya mzungu."

Dada akatazama chini. Mimi nikaanza kusema kama mtu anayezama. Nikasema nitaipaka tena, kesho hiyohiyo, dhahabu ileile ya geti, nitanunua kopo jipya, nitaiacha ichuruzike, nitaweka na gundi kwenye kitufe, palepale ilipokuwa, napakumbuka.

Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Acha tu," alisema. "Wewe utapaka vizuri."

Akajiinua kwenye mkeka kwa mikono miwili, akaenda chumbani kwake, na tukasikia mlango ukirudishwa. Kichwa cha treni kikaendelea kuzunguka juu ya vigae, safi, hakina doa, mistari yake imenyooka, na kichefuchefu kikanipanda mpaka kooni.