Ushuhuda wa Tatu Kamili

Ngendo wa Mwiki alikuwa na tabia ya kushukuru mapema. Kanisa lao lilikuwa likimlipia karo ya chuo huko Thika kwa sharti moja tu: GPA yake, yaani wastani wa alama zake, isishuke chini ya tatu. Matokeo yalipoingia kwenye simu, akaona A mbili, B moja, na D ya takwimu. Akazigeuza kuwa pointi, nne, nne, tatu na moja, akajumlisha, akagawa kwa masomo manne. Tatu kamili! Akapiga magoti jikoni.

Jumapili akatoa ushuhuda. Mama yake, Wanja, akaleta kuku wa shukrani, ambaye baada ya ibada alipigwa mnada kama kawaida. Mzee Bedan, mwenyekiti wa kamati ya basari iliyomlipia Ngendo karo, ndiye aliyemnunua. Alikuwa jogoo mnono. Jogoo huyo hakuiona Jumatatu.

Jumanne chuo kikatoa GPA rasmi: mbili nukta nne nne. Ngendo akaenda ofisini amefura, akijua ameonewa. Karani akamweleza polepole kwamba pointi za kila somo huzidishwa kwanza kwa saa za somo hilo kwa wiki, ndipo jumla igawanywe kwa saa zote. A zake zilikuwa za masomo mepesi, moja la saa mbili, jingine la saa moja. B nayo, saa mbili. Takwimu ilikuwa na saa nne, na D yake ikaziburuta alama nyingine zote chini. Hesabu hiyo hufundishwa katika somo hilohilo la takwimu. Wiki ilipofundishwa, Ngendo alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Katika kanisa lile hakuna aliyewahi kurudisha ushuhuda. Jumapili iliyofuata Ngendo akashika maikrofoni, akasema si tatu, ni mbili na kitu. Wachache wakaitikia "Amina" kwa mazoea.

Bedan akasimama. "Sheria ni sheria, mtoto wangu. Basari imesimamishwa mpaka urudie hiyo unit ya takwimu." Kisha, akiona haya kidogo, akamgeukia Wanja. "Na ile kuku, Mama Ngendo, kwa vile shukrani iliharakishwa, nitakuletea ingine."

"Wacha tu, mzee," Wanja akasema, bila hata kuinuka kwenye benchi. "Ile kuku ilikuwa ya mtoto. Haikuwa ya alama."

Ngendo akalia palepale, maikrofoni ikiwa bado imewashwa.